Mashine za masikio ni za kijana, si za mzazi

Mtoto kiziwi aliyevaa mashine za masikio tangu mdogo, akifika miaka 12 au 13 jiandae: huenda akazivua. Wangu alizivua akiwa gredi ya 7, akazitia kwenye droo. Hapa nyumbani Lamu kila mtu alisema ni ukaidi. Mimi naona alikuwa amechoka kufanywa mgonjwa. Tangu utotoni, kila tukivuka kwenda Mokowe kupanda basi la Mombasa, safari ilikuwa ya kliniki, kutazama kilichoharibika.

Ushauri wangu wa kwanza ni karatasi ya kipimo cha kusikia. Mpe mwenyewe, na mtaalamu amweleze yeye. Si ngumu. Duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni la kushoto. Sauti nzito ziko upande wa kushoto wa karatasi, nyembamba upande wa kulia, na alama ikishuka chini maana yake sauti lazima iwe kubwa zaidi ndipo aisikie. Alama za binti yangu zinaanza desibeli 50 hivi kwenye sauti nzito, kisha zinaporomoka hadi 90. Alipoelewa hivyo ndipo alipojua kwa nini matari ya Maulidi anayasikia vizuri, lakini "s" na "f" za mwalimu hazimfikii. Miaka yote alikuwa akiambiwa hasikilizi. Sasa akiambiwa hivyo, ana karatasi ya kuonyesha.

Kliniki nazo zina mambo yake. Kuna moja ambapo daktari alizungumza nami muda wote, barakoa usoni, mtoto akimtazama bila kuambulia neno. Siku hizi mimi hukaa kiti cha nyuma. Daktari akinigeukia, namwonyesha binti. Maswali yake huyaandika kabla, na si yale ambayo ningeuliza mimi: anataka kuwafuata wenzake wakiongea wote kwa pamoja, anataka kujua kama kuna maikrofoni ndogo mwalimu anaweza kuvaa (ipo, na hupeleka sauti moja kwa moja kwenye mashine). Kama anatumia ishara, uliza habari ya mkalimani mapema kwa simu, wala usione haya. Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ikiwa inafaa bungeni, chumba cha daktari ni nini?

Hapo kwenye ishara kuna wazazi tutakosana. Wako wanaoamini mtoto akishika ishara atakuwa mvivu wa kusema, basi wanamnyima, wanategemea mashine peke yake. Mashine hukuza sauti, na hukuza kila sauti. Nenda naye uwanja wa Mkunguni jioni, punda wanalia, injini za boti zinanguruma, wazee wanabishana: kila kitu kinamwingia kwa mpigo mmoja. Hapo mikono ndiyo inayomfaa. Na umtafutie viziwi watu wazima awaone wakiishi. Sisi tunaye fundi wa nakshi, kiziwi tangu mtoto. Binti yangu alimwona akipatana bei ya mlango na mteja, kwa ishara na kikokotoo cha simu, na fundi hakushuka hata shilingi. Tangu siku ile hajaniuliza tena kama akikua atapona.

Mtandio ni suala letu wasichana na mama zao. Jamaa watakwambia, "Alhamdulillahi, angalau utamfichia." Kitambaa kizito kikibana mashine, maikrofoni inakwaruza na mashine inapiga mluzi, kwa hiyo tumia chepesi kisichobana. Kuficha au kutoficha, mwache aamue yeye. Ilipofika zamu ya kubadilisha kile kipande kinachokaa ndani ya sikio (sikio hukua, kikilegea nacho huleta mluzi), wangu alichagua zambarau. Nyanyake aliguna. Zambarau ikabaki.

Akirudi nyumbani kutoka shule akazivua, usimkemee. Kusikiliza kwa mashine kutwa nzima kunachosha kichwa.

Utunzaji pia mwachie. Unyevu wa huku pwani ndio adui: usiku afungue mlango wa betri, aziweke kwenye kopo lenye kifuniko na vile vifuko vya kukausha. Vifuko hivyo vikichoka vibadilishwe. Betri zenye kibandiko hufanya kazi kwa hewa, basi akishabandua asubiri dakika chache kabla ya kuifunga ndani, na asibandue ya akiba kabla haijahitajika. Ukiwa Mombasa nunua za kutosha, ukiangalia rangi ya kibandiko: chungwa ni namba 13, kahawia 312, buluu 675. Haziingiliani.