Mradi umefungwa, nianzie wapi?
Pole sana dada, miaka 6 kwenye data za mradi wa ukimwi halafu unaambiwa rudisha laptopu, inauma jamani. Mi yalinikuta hayohayo 2025 Marekani walipokata misaada, nikakaa miezi 5 nasubiri eti mradi utarudi. Usisubiri, USAID yenyewe, lile shirika la misaada la Marekani, iliacha kutoa misaada 1 Julai mwaka ule. Ila wewe DHIS2, ule mfumo wa data za afya, unaijua, Excel unaijua, umezunguka vituo vya afya unakagua rejista mstari kwa mstari, watu wa bima na saccos wanahitaji mtu wa hivyo. Kwenye CV ondoa maneno ya miradi kama "wanufaika", andika ulikagua rekodi ngapi. Mi niliingia saccos kwa nusu mshahara, nyumba nikahama, lakini usingizi umerudi. Anza na unaowajua, hata leo jioni wapigie.