Wasomaji Wanauliza: Mtawala, Mwigizaji na Kamba ya Gauni

SWALI: Sisi ni kikundi cha sanaa cha vijana. Tumetazama The Prince and the Showgirl ya Marilyn Monroe na Laurence Olivier, tukaamua kutunga mchezo wetu wa jukwaani wenye mtawala na mwigizaji. Tunataka pia kichekesho cha kamba ya begani ya gauni kukatika mbele ya mkuu. Fundi ameishikiza kwa uzi mwembamba, lakini mazoezini mara inakatika mapema, mara inagoma kabisa. Tufanyeje?
Kikundi cha vijana, Dodoma mjini

JIBU: Uzi ndio unaowaangusha. Kila mwigizaji anapovuta pumzi au kuinua mkono, mishono inalegea kidogo, na hakuna ajuaye ni pumzi ipi itakuwa ya mwisho. Ondoeni uzi, tumieni kifungo kidogo cha chuma cha kubonyeza, cha milimita 8 hivi.

Kamba ishonwe imara mgongoni, kifungo kikae mbele kifuani, kimelala bapa. Kifungo cha namna hii hushika vizuri kinapovutwa kwa ubavu, lakini huachia mara moja kikibanduliwa kutoka ukingoni. Kwa hiyo kamba ikikivuta kuelekea juu begani, hakitafunguka. Mwigizaji anapopiga goti kusalimu, ataweka mkono kifuani kwa heshima na kukibandua kwa kidole gumba. Mkono uleule unamficha. Acheni ulimi wa kitambaa wa sentimita 1 ukingoni mwa kamba, kidole kipate pa kushika.

Muhimu zaidi: kamba hiyo isibebe gauni. Ndani kuwe na korseti ya kitambaa kigumu, yenye vijiti vya plastiki ubavuni na utepe usiovutika kiunoni, unaofungwa kwa kulabu kabla ya zipu. Kulabu zikiwa mbili tu hufunguka mtu anapoinama, wekeni nne. Mwigizaji arukeruke bila kamba yoyote. Gauni likishuka hata kidogo, halijawa tayari. Mwigizaji anayeogopa kuvuliwa nguo mbele ya watu hawezi kuchekesha, na kikundi hakina haki ya kumweka katika hofu hiyo.

Kwa gauni refu la kubana, satini nzito yenye upana wa mita 1.5 inatosha mita 4 pamoja na mkia mfupi. Nyepesi ni rahisi, lakini huonyesha mistari ya korseti chini ya taa. Mkiweza, shoneni mawili. Katika filamu Elsie, mwigizaji wa Kimarekani, anashinda na gauni jeupe lilelile sehemu kubwa ya hadithi kwa sababu analala ubalozini bila kukusudia, na jeupe halisamehi vumbi la Dodoma.

Kamba ikishaachia, mtawala asicheke. Olivier anabaki na uso wa itifaki, na hapo ndipo watazamaji wanapopasuka. Mwenye cheo akicheka mwenyewe, amewanyang'anya kicheko chao.

Kuhusu haki: filamu ilitokana na The Sleeping Prince, mchezo wa Terence Rattigan uliooneshwa London mwaka 1953, Olivier akiigiza na Vivien Leigh. Mwandishi alifariki 1977, na hakimiliki hudumu miaka mingi baada ya kifo, hivyo msichukue mazungumzo yake. Mtawala kumpenda msanii ni kisa cha kila mtu, mnaweza kukitunga upya kwa maneno yenu.

SWALI: Carpathia, nchi anakotoka mtawala wa The Prince and the Showgirl, iko wapi, na kwa nini wapendanao hawaoani?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Ni nchi ya kubuni, inayowekwa eneo la Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya. Cha kweli ni sherehe inayomleta mtawala London: kutawazwa kwa Mfalme George V, tarehe 22 Juni 1911. Hawaoani kwa sababu mtawala anamshikia mwanawe kiti kwa miezi 18 zaidi, na Elsie naye ana mkataba wa jukwaani.

SWALI: Nataka kuwaonesha wanafunzi filamu hii uwanjani usiku mwezi wa Julai, mtu akisimulia kwa Kiswahili kama kwenye vibanda umiza. Nijiandae vipi?
Mwalimu wa sekondari, Kondoa

JIBU: Mwalimu, tatizo lako la kwanza ni upepo. Kiangazi cha huku kina upepo mkavu wa kusini-mashariki, na shuka lililotundikwa kwa kamba mbili hugeuka tanga. Tumia ukuta uliopakwa chokaa nyeupe. Ukilazimika kutumia kitambaa, kiwe mita 3 kwa 1.7, kikazwe pande zote nne kwenye fremu ya mbao. Kwa ukubwa huo projekta ya lumeni 3,000 inatosha, mradi taa za uwanja zizimwe. Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, basi anza saa moja na robo. Filamu ni karibu saa mbili.

Spika zikae kando ya picha, zikiwaelekea watoto. Hii ni filamu ya maneno, karibu yote iko ndani ya vyumba vya ubalozi. Sauti ikichukuliwa na upepo, kinachobaki ni watu wanaofungua na kufunga milango.

Msimuliaji aitazame filamu nzima kabla, na apangiwe pa kunyamaza. Chakula cha usiku, Elsie anapojihudumia na kunywa huku mtawala ameshikwa na simu, asikiguse: macho yanatosha. Maelezo marefu ya nani anampindua nani ayaweke kwenye kutawazwa kanisani Westminster Abbey, ambako muziki na picha vinatawala na mazungumzo ni haba. Bila hayo watoto hawataelewa kwa nini barua ya yule mfalme kijana, mwana wa mtawala, iliyohusu njama na Wajerumani, ni jambo kubwa.

Kisha vibali. Maonesho ya hadhara yanasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria Na. 4 ya 1976, na ruhusa ya mwenye filamu ni suala jingine; COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watakuelekeza. Shughulikia yote mawili kabla hujabandika tangazo lolote.