Kabla hujainamishwa mgongo, uliza ncha ya sindano

Siku ya tatu baada ya kutolewa maji ya mgongo ili yapimwe, homa imeshashuka, niliinuka kwenda kupiga mswaki nikaishia kukaa sakafuni nimeshika kichwa. Nikilala, maumivu yanatulia. Nikisimama, yanarudi kuanzia kisogoni. Mama akasema: "Si nilikwambia? Sindano ya mgongo haimwachi mtu salama."

Uti wangu wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya mifupa, haukuguswa. Sindano huingia kiunoni, chini ya pale uti unapoishia. Taabu ni tundu linalobaki kwenye utando unaoshika maji yanayozunguka uti na ubongo: maji yanavuja, na ukisimama ubongo unakosa cha kuuegemeza. August Bier, daktari Mjerumani, aliumwa kichwa hivyo hivyo mwaka 1898, alipojaribiwa ganzi ya mgongo yeye mwenyewe.

Sasa, sindano hazifanani. Ipo yenye makali, inayokata utando, na ipo yenye ncha kama ya penseli, inayopenya kwa kusukuma nyuzi kando. Uchambuzi wa tafiti 110 uliotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2018 ulikuta kichwa kiliwauma watu 11 kati ya 100 kwa sindano za kukata, na wapatao 4 kwa za penseli. Namba za unene wa sindano nazo zisikuchanganye: 25 ni nyembamba kuliko 22. Ila kwa kutoa maji usikazanie nyembamba mno, yatadondoka kutwa nzima.

Mimi nilichomwa ya kukata, namba 20, tena nikiwa msichana mwembamba wa miaka 26, kundi lile lile linaloumwa zaidi. Miaka mitatu baadaye, nikienda kujifungua kwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo, nilimuuliza daktari wa usingizi kama wanayo ya penseli. Akacheka: "Mama, umesomea wapi?" Alikuwa nayo, namba 25. Safari hiyo kichwa hakikuuma.

Kulazwa chali bila mto saa 24 hakuzuii chochote, niliteseka bure. Kichwa kikianza, lala, kunywa maji, meza dawa ya maumivu, na kahawa huwasaidia baadhi ya watu. Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Kikigoma, daktari anaweza kuliziba tundu kwa damu yako mwenyewe, anayoichoma pale pale mgongoni. Lakini homa ikirudi, shingo ikikakamaa, ukiona vitu viwili viwili, au kichwa kisitulie hata ukilala, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo chenyewe usikikatae. Maji yale ndiyo yaliyoonyesha bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Kabla ya hapo nilikuwa namalizia dozi ya pili ya malaria.