Hadithi ya Kigothi: Anza na Nyumba, Mzimu Utafuata

Wengi wanaojaribu kuandika hadithi ya Kigothi, yaani hadithi ya hofu katika jengo la kale lenye siri, huanza na mzimu. Ukurasa wa kwanza damu, wa pili mayowe, wa tatu msomaji ameshazoea. Anza na jengo, na dhambi iliyotendeka humo kabla mhusika wako hajazaliwa. Bila deni hilo la zamani utapata hadithi ya kutisha kama nyingine, lakini ya Kigothi haitakuwa.

Horace Walpole aliyeanzisha mtindo huu Uingereza mwishoni mwa 1764, katika riwaya The Castle of Otranto, anadondosha kofia kubwa ya chuma uani na kumponda bwana harusi, mwana wa mtawala Manfred, siku ya harusi yake. Watu huikumbuka kofia, lakini kinachosukuma msuko ni urithi wa wizi: babu wa Manfred alimpa sumu bwana wake, akaghushi wosia. Kofia imekuja kudai.

Kwa hiyo chora ramani ya nyumba kabla ya sentensi ya kwanza. Kwa hadithi ya maneno 3,000 vitu vitatu vinatosha: mlango uliokatazwa, njia ya siri na upande uliobomoka. Ukiongeza, utajikuta mhusika anashuka ngazi ambazo kurasa mbili nyuma zilikuwa upande mwingine, na msomaji asiyejua alipo hawezi kuhisi kwamba amefungiwa. Dhoruba iwe moja tu. Radi ikipiga kila sura, inageuka kuwa kelele.

Panapowashinda wengi ni taharuki. Ann Radcliffe, mwandishi wa riwaya za Kigothi, katika insha iliyotoka 1826 baada ya kifo chake, alitenganisha mambo mawili: hofu ya kitu kisichoonekana vizuri, ambayo huamsha akili, na kitisho cha kitu kilichowekwa wazi, ambacho huigandisha. Kazi yako kubwa iko kwenye hofu. Panga dalili kwa ngazi: sauti, kisha harufu, kisha alama iliyoachwa, na umbo lenyewe mwisho, tena kwa ufupi.

Ila usicheleweshe kupita kiasi. Katika riwaya ya Radcliffe ya 1794, The Mysteries of Udolpho, mhusika mkuu Emily anafunua pazia jeusi, anazimia, na msomaji anangoja karibu hadi mwisho kuambiwa kwamba ilikuwa sanamu ya nta. Kwangu mimi hapo ni kudhulumiwa. Miujiza inayoishia kwa maelezo ya kawaida inaruhusiwa kabisa. Matthew Lewis alichagua kinyume mwaka 1796 katika riwaya The Monk, mashetani yake ni mashetani kweli. Amua mapema uko upande gani, kwa sababu dalili za upande mmoja hazifai upande wa pili.

Kuhusu msimulizi, soma Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897, kwa makini. Imejengwa kwa shajara, barua na telegramu, na kila mwandishi wake anajua kipande tu. Jonathan Harker ananyoa ndevu, anasikia mkono begani na salamu ya asubuhi, anatazama kioo: chumba chote kimo, mwenyeji wake, mnyonya damu Dracula, hayumo. Anashtuka, anajikata. Hakuna mayowe hapo, ni kioo, wembe na tone la damu. Ukitumia shajara, weka jedwali la tarehe pembeni. Barua inayojibu tukio ambalo bado halijatokea huua imani ya msomaji papo hapo.

Pacha wa kivuli, yaani mtu mmoja aliyegawanyika wawili kama Jekyll na Hyde, ni mada ya kujitegemea. Usiichomeke kama kiungo.

Mwisho, nyumba ikianguka, iwe na sababu. Edgar Allan Poe, mwaka 1839, katika hadithi The Fall of the House of Usher, aliweka mapema ufa mwembamba unaoteremka kutoka paani hadi ziwani, ukaonekana kama jambo dogo tu. Nyumba ya Usher inapasukia palepale. Kama yako imeanguka bila ufa, rudi nyuma ukauweke, katikati ya sentensi inayozungumzia jambo jingine.