Jibu: Theluji ya baleti ya Krismasi inamwagwaje jukwaani?

Dada, umeuliza theluji ya The Nutcracker, ile baleti (dansi ya jukwaani) ya Krismasi, inatoka wapi, na kama watoto wenu wa Ujiji wanaweza kuiga. Wanaweza kabisa! Ni vipande vya karatasi tu. Juu ya jukwaa huning'inizwa kitambaa kirefu chenye matundu kilichobeba vipande hivyo, na mtu aliyejificha pembeni anavuta kamba kukitikisa polepole. Sisi hapa Kibirizi tulitumia wavu chakavu wa dagaa, karatasi tukazikata ndogo kama ukucha wa mtoto. Zilishuka taratibu, ukumbi mzima ukanyamaza. Mishumaa iwe mbali. Na karatasi zinateleza, kwa hiyo wazoezeni kucheza juu yake mapema. Mkizizoa ili mzitumie tena, zichambueni kwanza: kwenye zetu tulikuta pini mbili, zingeweza kumwangukia mtoto machoni.