Kabla ya Kuchagua Zana, Amua Nani Anaruhusiwa Kuigusa Seva

Timu zinazoanza kusimamia seva kwa msimbo, yaani kuandika usanidi (mipangilio) wa seva katika mafaili ambayo zana huyatekeleza, huniuliza kwanza ni zana ipi iliyo bora. Zana kweli ni nyingi: CFEngine ilianzishwa na Mark Burgess mwaka 1993, Puppet ikafuata mwaka 2005, kisha Chef mwaka 2009, Salt mwaka 2011 na Ansible mwaka 2012. Kwa uzoefu wangu, timu makini hufanikiwa kwa yoyote kati ya hizo, na timu inayoendelea kubadilisha seva kwa mkono hushindwa nazo zote.

Skripti ya kawaida hutaja hatua za kufuatwa, na ukiiendesha mara mbili inaweza kuandika mstari uleule mara mbili. Zana za usanidi hukutaka ueleze hali unayoitaka. Zenyewe huilinganisha na hali halisi ya seva, kisha hurekebisha kile tu kinachotofautiana. Kwa hiyo ninapokagua msimbo wa mtu huuendesha mara mbili mfululizo, na mara ya pili natarajia ripoti isiyo na badiliko lolote. Katika Ansible, wanaovunja kanuni hii mara nyingi ni moduli (vipande vya zana, kila kimoja na kazi yake) za command na shell, zinazoendesha amri yoyote uliyoiandika na ambazo huripoti badiliko kila zinapoendeshwa, isipokuwa umeziwekea sharti kama creates (ruka ikiwa faili fulani ipo) au changed_when (lini lihesabiwe badiliko). Ninashauri utumie moduli mahususi za vifurushi vya programu, huduma na faili kila inapowezekana, kwa sababu ripoti iliyojaa mabadiliko yasiyo ya kweli huzoeleka, watu wakaacha kuisoma, na badiliko la kweli likapita machoni pao.

Tatizo kubwa zaidi ni seva kuachana na msimbo wake polepole. Huduma inakwama usiku, mtu anaingia kwa SSH (njia ya kuiendesha seva kwa mbali), anabadilisha kigezo kimoja katika faili ya hifadhidata, huduma inarudi, na badiliko hilo haliandikwi popote. Msimbo ukiendeshwa kesho yake, unalifuta na tatizo linarudi. Usipoendeshwa kwa miezi kadhaa, mabadiliko ya namna hiyo hulimbikizana hadi kila mtu akaogopa kuuendesha, na hali hii ya pili ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwani timu hubaki na mafaili yanayoeleza seva ambazo hazipo tena. Sipendekezi kukataza marekebisho ya dharura. Ninachosisitiza ni kwamba tukio lisihesabiwe kuwa limefungwa mpaka rekebisho liwe limeingia katika Git, mfumo unaotunza msimbo na historia yake, na kuendeshwa kutoka huko.

Puppet hulisaidia jambo hili kwa kuwa wakala wake (programu inayokaa kwenye seva), asipopangiwa vinginevyo, huikagua seva kila baada ya dakika 30. Ansible haijiendeshi, hivyo ipangie ratiba ya kila usiku yenye chaguo za --check na --diff, ambazo huonyesha tofauti bila kubadilisha kitu, na ripoti yake isomwe asubuhi. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida kazi za command na shell hurukwa katika hali hiyo ya ukaguzi, nayo ni sababu nyingine ya kuzipunguza.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kufuta kazi katika msimbo hakukiondoi kitu kwenye seva. Ukifuta mistari iliyosakinisha kifurushi au iliyofungua akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka, vyote viwili vinabaki palepale. Ni lazima uandike wazi kwamba hali inayotakiwa ni absent (kitu kisiwepo), uendeshe msimbo kila mahali, ndipo ufute mistari hiyo. Kwa akaunti na funguo za SSH, hili ni suala la usalama. Nywila nazo zisikae Git bila kusimbwa, kwa mfano kwa Ansible Vault (sehemu ya Ansible ya kusimba siri), na iliyokwisha kuingia ibadilishwe, kwa kuwa kuifuta hakuiondoi katika historia.

Ikiwa seva zako ni za zamani, anza na mambo madogo kama usawazishaji wa saa na akaunti za watumiaji, ukitumia chaguo la serial la Ansible ili badiliko lifike kwenye seva chache kwa zamu. Kisha jenga upya seva moja ya majaribio kutoka mwanzo kwa msimbo peke yake. Kila hatua itakayokulazimu kuingia kwa mkono ni sehemu ya usanidi ambayo bado haijaandikwa. Data haimo katika hesabu hiyo, kwani msimbo hurudisha usanidi tu. Nakala rudufu ziwe na mpango wake, na urejeshaji wake ujaribiwe katika zoezi hilohilo.