Muulize Mpiga Buruji: Babu hataki kusimulia Kagera

Anayejibu barua zenu alipiga buruji katika bendi ya jeshi hadi alipostaafu. Barua zote za toleo hili zinahusu Siku ya Mashujaa, 25 Julai.

Shikamoo mzee. Kila mwaka naona kwenye televisheni Rais anaweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Jeshi letu lina vifaru na ndege. Kwa nini bado tunaweka silaha za mababu? Msomaji, Morogoro.

Marahaba. Ukitazama vizuri mwaka huu utaona pia upinde na mshale, shoka, na shada la maua la kiongozi wa mabalozi. Mimi miaka yote ile nilikuwa naona nusunusu tu, maana mpiga buruji macho yake yako kwa kamanda wa gwaride na roho yake iko midomoni. Upepo wa Julai ukishakukausha midomo, sauti ya juu inakukatikia mbele ya taifa zima.

Ninavyoelewa mimi, siku ile si ya JWTZ peke yake. Jeshi hili lilizaliwa 1 Septemba 1964. Waliofia ardhi hii walianza zamani sana: watu wa Mkwawa waliowapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na wale wa Majimaji waliokwenda na maji ya Kinjekitile mwaka 1905 kukabili bunduki za rashasha. Ukiweka bunduki mnarani, hao umewafungia mlango. Silaha za kisasa zimo ndani ya gwaride, zinatosha.

Na kama unaweza kukesha, ufuatilie mwenge wa mashujaa. Huwashwa saa 6 usiku wa kuamkia tarehe 25 na huzimwa saa 6 usiku unaofuata. Wengi hawaujui, au huuchanganya na Mwenge wa Uhuru, kwa sababu wakati huo wamelala.

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita mkoani Kagera. Babu mzaa mama alipigana vita vya Kagera, vile vya 1978-79 dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Nilimwomba aje azungumze na wanafunzi wangu, akakubali. Kesho yake akasema hana la kusema, niwatafute wakubwa. Mama ananiambia nimwache. Mimi naona vibaya watoto wakue bila kumsikia. Nifanyeje? Mjukuu mwalimu.

Marahaba, mwalimu. Kwanza niambie, ulimwomba aje kusema nini? Naweza kubashiri: "Babu, njoo utusimulie vita." Hapo ndipo ulipomfunga mdomo. Vita ni kitu kikubwa mno kusimuliwa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya ubao, watoto hamsini wanamkodolea macho.

Kagera mimi sikwenda, nilijiunga na jeshi vita vimekwisha. Ila wazee wa Kagera nimekaa nao sana. Gwaride likiisha, bendi husubiri gari lake na wazee husubiri lao, basi tunakaa kwenye turubai moja. Sijawahi kusikia mmoja wao akianza na risasi. Huanza na miguu. Mutukula ya mpakani ilichukuliwa Januari 1979, Masaka tarehe 24 Februari, Kampala tarehe 11 Aprili, na wengi wa wanajeshi wetu njia hiyo waliikata kwa miguu, masika yakiwa yameshika. Muulize babu yako habari za buti. Muulize walikula nini siku gari la chakula liliponasa kwenye tope, mzigo ulikuwa na uzito gani, ni nani kwenye kikosi alikuwa anawachekesha. Mzee aliyekataa kusimulia vita anaweza kukaa saa nzima na habari za soksi.

Kama unataka swali la kufungulia, muulize alikuwa wapi siku Mwalimu Nyerere alipotangaza, tarehe 2 Novemba 1978, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Watu wa rika lake wanakumbuka redio ilikuwa ya nani na iliwekwa juu ya nini. Wasomee wanafunzi wako hotuba hiyo kabla, na uwaeleze kwamba Amin alikuwa amekwishaingia hadi mto Kagera na daraja la Kyaka lilikuwa karibu kuvunjwa. Nyinyi wa huko mna bahati, maana darasa zima linalijua daraja hilo.

Sasa hilo la "watafute wakubwa". Babu yako anaamini vita ni mali ya makamanda. Mwambie hivi: habari za Msuguri, Mayunga, Walden na Marwa tunazo, zimeandikwa. Za mtu aliyebeba sanduku la risasi kutoka Mutukula hatuna, na zikiondoka naye hakuna pa kwenda kuzitafuta. Umwambie ukiwa peke yako naye, jioni. Mbele ya wageni atakukatalia kwa heshima.

Liko swali moja ambalo lazima ulizuie: "Babu, uliua wangapi?" Watoto watauliza tu, wala si utundu, ndivyo sinema zilivyowafundisha. Waandike maswali yao siku mbili kabla, uyapitie, hilo ulitoe, na uwaambie wazi kwa nini. Mzee akitaka kulisema mwenyewe, atalisema siku anayoitaka yeye.

Tena, ningekuwa wewe nisingempeleka shuleni. Chagua wanafunzi wanne au watano wasikivu, uwapeleke kwake. Mtu akiwa kwenye kiti chake, barazani kwake, akichoka ananyanyuka kwenda kutazama ng'ombe, na hakuna anayejua kwamba amekimbia. Shuleni atakimbilia wapi? Habari za vyeti vya shukrani na kupigiwa makofi achana nazo. Mshonee koti, au mpeleke hospitali siku yake ya kliniki.

Akikubali kutoka, yapo makaburi ya mashujaa wa vita hivyo pale Kaboya, wilayani Muleba. Pale ni kambi ya jeshi, kwa hiyo ombeni ruhusa mapema kwa barua. Mkifika, mwache atangulie. Usimwekee kinasa sauti mdomoni. Huenda akasimama kwenye kaburi moja muda mrefu asiseme kitu, na watoto watakuwa wamejifunza. Huenda akasema majina.

Na akiendelea kukataa, hapo mama yako ana haki na wewe huna. Nimewafahamu wazee ambao wakisimulia mchana, usiku hawalali, na wanaokesha nao ni wake zao. Siyo kila shujaa anadaiwa hadithi.

Mzee, babu wa baba yangu alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo vita vya kwanza vya dunia, hakurudi. Kaburi lake linaweza kupatikana? Msomaji, Dodoma.

Kaburi ni vigumu, nisikudanganye. Ipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na orodha yake ya majina iko kwenye intaneti, huilipii. Lakini mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba si chini ya watu 116,000 wa vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Weupe waliwekewa jiwe na jina. Wapagazi waliwekewa sanamu ya jumla, na hilo halijaacha kunikera. Ile Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ya mwaka 1927 ni nzuri, naipenda, ila haina jina hata moja la mpagazi.

Waulize wazee wa ukoo jina lake kamili, la baba yake, na kijiji alikochukuliwa. Ukitafuta, jaribu tahajia zote, maana karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia. Tangu ripoti ile tume imekuwa ikitafuta majina yaliyoachwa, kwa hiyo ulichonacho watumie hata kama ni kidogo.

Baba alikwenda Kagera akiwa mgambo, hakuwa askari wa kudumu. Anaogopa kwenda kukaa na wastaafu siku ya Mashujaa, anasema watamcheka. Binti yake, Singida.

Nani amcheke? Wakati wa vita vile jeshi lilipanda kutoka watu pungufu ya 40,000 hadi zaidi ya 150,000, na kama 40,000 kati yao walikuwa mgambo. Avae medali yake kama anayo, aende. Kuhusu mwaliko na nafasi ya kukaa, apite mapema kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, asisubiri wiki yenyewe.

Na wewe, binti, usimshushe getini ukaondoka. Shughuli ikiisha magari ya wakubwa hutoka kwanza, wazee wanabaki wanasubiri juani. Beba maji na kofia.